Babu Aliniita Msaragambo

Usiku ule ulikuwa saa nne asubuhi. Usinicheke. Sisi tunaotunza wazee wa watu katika nchi hii ya baridi, usiku wetu ndio huo: wenzako wanakwenda kazini, wewe unapigilia blanketi dirishani ili mwanga usiingie. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba, na badala ya kulala nilikaa kitandani nikiangalia kwenye simu picha za darasa tunalolijenga.

Darasa lenyewe ni la chekechea, la kijiji chetu cha Mkangeni, kule milimani Upare. Sisi wana-Mkangeni tulioko nje tuko kumi na mmoja, tumetawanyika miji mitano, na tuna umoja wetu. Mimi ndiye katibu. Huko nyuma tulipeleka matangi mawili ya maji, tukapeleka na magodoro ya zahanati. Safari hii tulisema watoto wetu wasiteremke tena hadi bondeni kutafuta shule.

Kiwanja nilikichagua mimi. Nilifungua picha ya satelaiti, nikauona mlima wetu mzima, mashamba yamebanana, migomba kila mahali, halafu chini ya mteremko pana mahali peupe, tambarare, hapana nyumba, hapana mgomba hata mmoja. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kucheza pale. Tuliambiwa pana nyoka. Nikaweka alama nyekundu, nikaituma kwenye grupu na maneno yangu ya kebehi, kwamba nyoka wakiona saruji watahama wenyewe. Wenzangu wakacheka, wakapiga kura. Kumi na moja, hakuna aliyepinga. Nilijiona mjanja, Mungu ananiona.

Mama peke yake, nilipompigia kumpa habari, alisema tu, haya mwanangu. Nikamwuliza kama pana tatizo. Akasema haya, kwa mara ya pili. Mimi ni mtu wa haraka, nikaichukua ile haya yake nikaenda nayo.

Sasa mabati yalikuwa yameshapigwa, na Jumatatu watoto ishirini na sita wangeingia. Mmoja wao ni Naetwe, mtoto wa kaka yangu, wajina wangu, ana miaka mitano. Nilimtumia mabuti ya mvua ya njano na nasikia hayavui hata akilala. Masika yalikuwa yameanza kwa fujo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikaweka simu kifuani, nikapitiwa na usingizi.

Nikasikia baragumu.

Mtu wa kwetu haelezwi mlio ule. Ni pembe ya tandala, hulia mara tatu, na maana yake ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, iwe kuchimba mfereji au kuziba barabara iliyoliwa na maji. Asiyekuja hufuatwa nyumbani, akachukuliwa kuku au sufuria mpaka ajirekebishe. Aliyekuwa akilipuliza ni babu yangu mzaa baba, Babu Senkondo, aliyenilea. Alikuwa mtu mkali, mkono mwepesi. Alikuwa na vidole kumi lakini kucha tatu tu. Ukimwuliza nyingine ziko wapi atakuambia zililiwa na panya, na ukiuliza tena unakula kofi. Alifariki miaka saba iliyopita. Sikwenda kumzika kwa sababu karatasi zangu hazikuwa sawa, na jambo hilo huwa sipendi kulizungumza.

Niliinuka nikakimbia. Nikajikuta kwenye korido ya pale ninapofanya kazi, ile yenye harufu ya dawa ya sakafu, nami nimevaa sare yangu ya bluu. Nafungua mlango wa mwisho, chumba cha bibi mmoja anayependa kuimba, na ndani hamna kitanda. Mna matope, ukungu, na mteremko wa mlima wetu. Babu amesimama pale, baragumu limening'inia kiunoni, mvua inampiga machoni naye hapepesi.

Nikamwamkia. Shikamoo yangu haikujibiwa.

"Jembe lako liko wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na jembe. Nilikuwa na simu, nikamwonyesha, nikaanza kumweleza kwamba siku hizi Babu sisi tunafanya kazi na hii. Alinizaba kofi nikaanguka kifudifudi. Kabla sijapata pumzi amenishika nywele, ananiburura kuteremka, mawe yananichana magoti, damu inachanganyika na maji ya mvua. Napiga mayowe, namwita Babu, Babu, kama nilivyokuwa nikimwita nikiwa mdogo akinichapa. Yeye yuko kimya, anavuta tu.

Tunafika darasani. Darasa langu mwenyewe! Kuta za rangi ya krimu, mabati mapya, na mlangoni riboni ya Jumatatu imeshafungwa. Watu wamelizunguka, wake kwa waume, wazee na watoto, kila mmoja na jembe. Wako kwenye msaragambo. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, na kila yanaposhuka ukuta unamegeka. Nilijua msaragambo haukosi wimbo, nikawatazama midomoni. Walikuwa wakijaribu kuimba kweli, lakini vinywa vyao vimejaa udongo, na kila wakifungua kinywa udongo unamwagika vifuani.

Mimi nina hasira, sikatai, nimezaliwa nazo. Nikamrukia mwanamume wa karibu nikaling'ang'ania jembe lake. Akanipiga kiwiko cha mdomo, nikasikia jino limevunjika. Nikamng'ata mkono kwa meno yaliyobaki. Hakuwa na ladha ya mtu, alikuwa na ladha ya tope. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, akaokota jiwe akanishushia begani, na mfupa ukalia. Basi nikachachamaa. Nikaokota tofali, nikampiga nalo kichwani kwa nguvu zangu zote, na tofali likazama. Damu haikutoka. Akabaki ananitazama tofali likiwa kichwani mwake, na yule mtoto mgongoni naye ananitazama, nami nikaona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Ndipo nikapanda kwenye kizingiti nikawafokea. Nikawaambia hili ni jengo la watu, tumelikeshea, tumejinyima, tuko kumi na mmoja na tumepiga kura, hakuna hata mmoja aliyepinga!

Majembe yakasimama hewani. Babu akasema polepole, bila ukali wowote:

"Sisi hukutuuliza."

Nyuma yangu, ndani ya darasa, watoto wanaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nageuka, nawaona dirishani, masweta ya kijani, na sauti ya Naetwe naijua, inazidi za wenzake. Nikataka kuwaambia watoke. Mlima ukawahi.

Ulianza kwa ukimya. Mvua yenyewe ilinyamaza. Kisha ukaja mngurumo wa lori linalomwaga kokoto, isipokuwa kokoto hazikwisha. Nikaona migomba inashuka imesimama wima, inatembea kuja kwetu. Ukuta wa nyuma ukapasuka. Bati likang'oka, likaruka, likampitia mwanamume niliyemng'ata, likamkata viwili, na mikono yake ikaendelea kulima. Naushika mlango navuta, unafunguka kwa ndani, nasukuma, tope limeshauziba kwa upande wa pili. Nasukuma kwa bega lililovunjika. Ndani bado wanahesabu. Kumi na nne, kumi na tano. Hawakufika ishirini.

Halafu pakawa kimya kabisa. Nikasimama, nikaangalia. Mahali peupe, tambarare. Hapana nyumba, hapana mgomba hata mmoja. Palikuwa vilevile nilivyopaona kwenye simu.

Babu akaninyang'anya simu akaikanyaga. Akanishika viganja vyote viwili, akavididimiza kwenye tope mpaka kwenye viwiko.

"Chimba."

Nikachimba. Chini ya tope mna mawe yenye makali. Ukucha wa kwanza ukang'oka, nikalia, akanipiga kisogoni. Wa pili, wa tatu. Babu yuko kando yangu anachimba kwa vidole, anaunguruma, anatukana, na nilipomtazama nikaona analia. Maisha yangu yote sijapata kumwona Babu analia. Tunachimba, damu yake na yangu, na watu wale wa udongo wamekaa pembeni wanatutazama kama watu waliokwisha kata tamaa zamani.

Nikagusa kitu laini. Cha njano. Buti. Nikalivuta kwa mikono miwili, nikavuta mpaka mgongo ukalia, likachomoka. Zito. Nikaligeuza juu chini, tope likamwagika, likamwagika tena, haliishi, na mimi siwezi kuacha kuligeuza kwa sababu naogopa kuona kitakachotoka mwisho.

Babu akanishika mkono. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, nikasikia harufu yake ya ugoro niliyoisahau.

"Mimi nilichimba siku tatu," akasema. "Wewe unazo nne."

Nikaamka niko sakafuni. Blanketi nimeling'oa dirishani na misumari yake, na ukucha wa kidole cha shahada umepinduka, damu imenichafua kanga. Jua limejaa chumba kizima. Ilikuwa saa nane mchana, nyumbani saa kumi. Nikampigia Mama hivyohivyo.

Sikumsalimia hata. Nilimwuliza Babu alichimba nini siku tatu.

Nikasikia Mama anafunga mlango. Kisha akauliza nani amenieleza. Nikamwambia Babu mwenyewe, na hapo akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika na jirani. Babu alikuwa na mke kabla ya bibi yangu, na watoto wawili, mdogo bado anabebwa. Walikaa pale, nyumba nne zilikuwa pale. Masika moja Babu alipanda mgongoni mwa mlima alfajiri kupuliza baragumu, mfereji ulikuwa umeziba, na akiwa kule juu anaita watu, mlima ukateremka nyuma yake. Alichimba siku tatu kwa mikono. Hakumpata hata mmoja. Baadaye wazee walikataza mtu kupalima au kupataja mbele ya watoto, na sisi tukaambiwa pana nyoka.

Nilikuwa nalia, na hasira zikanipanda juu ya machozi. Nikamwuliza mbona hakusema. Miezi yote ile, misingi inachimbwa, kuta zinapanda, kijiji kizima kinajua, hata mtu mmoja asifungue kinywa!

"Mwanangu," Mama akasema, "mlituuliza rangi ya kuta. Mahali hamkutuuliza."

Nikakata simu, nikarekodi ujumbe kwenye grupu kwa sauti yangu hii iliyokwaruza. Sikusingizia ndoto. Nilisema pale ndipo mlima ulipoteremka na kuua, kwamba pana watu chini, kwamba kiwanja nilikiteua mimi kwa kiburi changu, na kwamba darasa lazima lishuke kabla ya Jumatatu. Mwenyekiti wetu, Kaka Elinihu, alinipigia hapohapo akinifokea, eti tubomoe jengo la watu kwa sababu katibu amechoka na zamu za usiku. Nilimwambia anione mwendawazimu akipenda, ila kwanza ampigie mama yake. Akanikatia. Baada ya robo saa akaandika neno moja tu kwenye grupu: Bomoeni.

Nikampigia Mama tena. Akasema mwenyekiti wa kijiji atataka barua, na mkutano, na watu wameshashona nguo za Jumatatu, nani atakubali kwa maneno ya simu. Nikasikia mvua inapiga bati la jikoni kwake. Nikamwuliza baragumu la Babu liko wapi. Akasema liko palepale juu ya jiko, limeshika masizi, tangu azikwe hakuna aliyelipuliza.

"Literemshe, Mama."

Akasema yeye ni mwanamke, hajapata hata kuligusa. Nikamwambia na mimi ni mwanamke, na nimechimba. Hakuuliza nilichimba wapi. Nikasikia kigoda kinaburutwa, kikohozi cha masizi, mlango ukafunguliwa. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Ya pili ikatoka sauti, mbaya, imepasuka, lakini ndiyo yenyewe. Kisha nikasikia mabuti yanakuja mbio kwenye maji, na wajina wangu akimwuliza bibi yake nani anaita watu.

"Shangazi yako," Mama akamjibu, anahema. "Kamwambie baba yako atoe jembe."

Halafu akalipuliza tena.