Mti wa Bukuru na Butoyi

Mzee Zabroni husema ilikuwa mwaka 2019, halafu hujikosoa: la, ni 2020, maana ziwa lilikuwa limekwishameza nyumba za chini pale Minago. Alikuwa akitia machikichi ya moto kwenye mashini ya mawese ya Mama Hadjara. Siku zisizo za shule wasukumaji wa mashini hiyo walikuwa mapacha wa miaka kumi na miwili: msichana Bukuru, aliyetangulia kuzaliwa, na mdogo wake Butoyi.

Mashini ile ina mti mrefu. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ile, wanazunguka. Ncha zote huenda mwendo mmoja, kwa hiyo mtazamaji hajui nani anasukuma na nani anatembea tu. Mama Hadjara alitaka kujua, akaamuru kila mmoja asukume peke yake. Bukuru, aliyekuwa amerefuka ghafla na mabega kujaa, alizungusha mara nne. Butoyi, mara moja tu, akaangukia makapi.

"Huyu iko mutoto bado!" Mama Hadjara akacheka. "Nitatafuta mwingine."

"Ukimtoa, mama, na mimi naenda," akasema Bukuru.

Wakabaki wote.

Miaka mitatu ikapita. Sauti ya Butoyi ikawa nzito na shingo nene, akawa anapanda mlima na bidoni mbili zilizojaa mawese huku akipiga mluzi. Bukuru akapata nyonga na kifua. Pumzi ikawa inamwishia mapema, na siku zake za mwezi tumbo lilimkunja. Hakuwa mvivu. Alisukuma mpaka macho yakawa mekundu.

"Babu, nguvu zangu zimeenda wapi?" akamwuliza Zabroni.

"Ziko, mjukuu wangu. Ni mwili tu unajijenga upya."

Jibu hilo halikumtosha. Mti ule ndio uliokuwa fahari yake.

Mama Hadjara akarudia jaribio lake. "Leo atakayeshindwa na mwenzake anaenda. Kuna kijana, Casimir, anangoja nafasi."

Bukuru akazungusha mara mbili, akashika magoti, akatazama chini. Butoyi akashika mti. Mara moja. Mara mbili. Akaachia.

"Aa, mama, nimechoka. Mashini iko nzito leo."

Mama Hadjara akasonya. "Wazembe nyinyi wote! Rudini kazini, machikichi yanapoa."

Wakazunguka. Zabroni akamwangalia Butoyi usoni: hakuna hata tone la jasho. Jioni ile, na mara nyingi baadaye, kijana alijibu kwa mluzi tu kila mzee alipomwuliza:

"Kweli ulichoka, mjukuu wangu?"