Loki za mkono ndani ya kreta

Leo nimeshuka garini ndani ya kreta, simba jike akiwa hatua thelathini.

Wiki iliyopita loki za umeme, zile zinazounganisha magurudumu ya mbele na injini ili yavute, zilikufa. Fundi wangu wa Karatu akanifungia za mkono.

"Hizi hazisumbui, kaka. Ila shuka uzizungushe getini, kabla hujateremka."

Nikasahau. Nimezoea kubonyeza kitufe.

Tope likatushika. Magurudumu ya nyuma yanahangaika, ya mbele yametulia kama wageni waalikwa. Bila kuzungusha loki zote mbili, hatutoki.

Nikashuka. Upande wa simba nilimaliza haraka (msiniulize nilivyoweza). Upande wa pili loki ilikuwa ngumu, na gari linanizibia nisimwone simba.

Abiria wangu, mama mmoja wa Moshi, alikuwa amesimama akichungulia kupitia paa lililofunguliwa.

"Mama, anafanya nini?"

"Anakuangalia."

Nazungusha, loki imegoma.

"Na sasa?"

"Amesogea. Fanya haraka, baba!"

Ikaingia. Nikaruka ndani, gari likachomoka.

"Kafika wapi, mama?"

"Nani, simba? Aliondoka zamani, ulipozunguka tu huku. Ningekwambia, ungeanza kupumzika."

Wadau, mtu kama huyu unamshukuru au unamnunia?