Damu Aliyoificha Kaka Yangu

Kaa hapa, mwanangu, na hizo habari kwamba ni pilipili tu ulizokula ziache. Mkeo kaniambia unaona damu chooni tangu wakati wa kupalilia. Usimkasirikie.

Nakumbuka ukame mmoja enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza inafika Dodoma. Maziwa yalikauka, tukawa tunatoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe, tunakinga damu kibuyuni na kuinywa. Kaka yangu Chitema, kijana mwenye mke na mtoto wa kunyonya, akaanza kutokwa na damu akienda haja. Wenzake wakamcheka: "Umezidisha! Inatoka hiyo uliyoinywa!" Naye akacheka nao.

Mvua zikarudi, damu ya ng'ombe tukaiacha, lakini yake haikukoma. Akanyamaza. Amwambie nani? Kwetu mwanaume aliyetoka jandoni hasemi habari za makalio yake, hata kwa mkewe.

Alikonda, jamani! Kila mara anakimbilia vichakani, anarudi ametota jasho na haja hajapata. Mama ndiye aliyemfuata akaiona damu. Akamjia juu: "Kila asubuhi unakagua mavi ya ng'ombe zizini. Ndama akiharisha damu, wewe huli wala hulali. Mwenyewe umejikosea nini hata ujinyime huruma unayompa ndama?"

"Niliona aibu, mama," akasema, akalia.

Tukampeleka kwa daktari Mjerumani aliyetibu wajenzi wa reli. Alimpa dawa ya usingizi, akakata uvimbe uliokuwa kwenye njia ya haja, akamfungulia tundu tumboni, choo kipitie hapo. Mkalimani akatuambia: "Bwana daktari amekata alichokiona. Anauliza, mlikuwa wapi siku zote?"

Alirudi akitembea mwenyewe, tukapiga vigelegele. Lakini wale wale waliomcheka, alipokaribia moto wao, walisogeza vigoda vyao mbali. Akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba yetu ya tembe. Mkewe tu alimfulia vitambaa vya kufunikia lile tundu na kula naye bila kuziba pua, Mungu amlaze pema yule mwanamke. Kisha uvimbe ukarudi. Tulimzika Chitema, mwanawe hajajua hata kumwita baba, na mtoto huyo ndiye baba yako wewe. Mpaka leo inaniuma.

Sasa nisikilize. Ujana si kinga ya ugonjwa huu. Ukiona damu, sema mapema, usiitafutie sababu ya kuchekesha. Wakikukata, ukapona vizuri, ishi na hilo tundu bila aibu. Na ukimkuta mwenzako analo, sogeza kigoda chako karibu naye. Kesho alfajiri tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Nimeshafunga mzigo wangu, usinibishie.

Mungu akupe uzee, mwanangu, na huyo mwanao mdogo anayetambaa hapo uani akuite baba mpaka uchoke kuitika.