Wazee wa Mahari na Mshahara wa Nesi

Wazee wa upande wa mchumba wangu walipofika kwetu Manga kupanga mahari, nilikuwa nimemaliza mafunzo ya unesi na kuanza kazi katika hospitali ya serikali mjini Kisii. Ilikuwa miaka ya hamsini. Wasichana wa kwetu wenye cheti cha unesi walikuwa wachache mno, hata akina mama sokoni waliniita daktari, nami sikuwakatalia sana.

Siku hiyo nilikuwa jikoni na shangazi, tunasonga ugali wa wimbi. Ukuta wa udongo haukufika paani, kwa hiyo kila neno la wazee lilitufikia.

Tata, kama tunavyomwita baba kwa Kigusii, alianza kwa kishindo. "Huyu si binti wa mahari ya kawaida. Analipwa na serikali!"

Mjomba wa mchumba wangu, aliyewahi kuwa mpishi Nairobi, akamkatiza. "Analipwa, sawa. Lakini nesi wa Kisii na nesi wa Nairobi hawalingani. Kule wanaongezewa hela ya nyumba. Angekuwa huko, tungeongeza ng'ombe bila ubishi."

"Ana cheti!"

"Vyeti vina ngazi, mzee mwenzangu. Wako ana kipi?"

Tata hakujua. Nilimsikia akikohoa kikohozi cha kutafuta maneno, kisha akasema, "Mwiteni mwenyewe."

Shangazi alicheka hata mwiko ukamponyoka. Binti kuitwa kwenye kikao cha mahari yake mwenyewe! Nikafuta mikono, nikaenda kusimama mlangoni, macho chini. Mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameketi kando ya mjomba wake akiikazia macho kofia aliyoiweka magotini.

Nikawaeleza. Dresa, yule aliyejifunzia kazini kufunga vidonda, hulipwa kidogo kuliko wote. Mwenye cheti kama changu humzidi. Aliyeongeza ukunga hunizidi mimi. Hospitali za misheni hulipa pungufu ya serikali, ingawa wagonjwa ni walewale. Kuhusu Nairobi, mjomba alisema kweli.

"Lakini huko hata mboga ni ya kununua," nikaongeza. "Rafiki yangu niliyesoma naye anafanya kazi huko. Kila likizo anarudi Nairobi na gunia la ndizi za kwao."

"Hata maji nilinunua," mjomba akakubali, na wazee wakacheka. Aibu ikanipungua. Nilianza kuona raha kusikilizwa na wanaume wazima kuhusu kazi yangu.

"Na huo ukunga, utausomea?" Tata akauliza, sauti imejaa matumaini.

"Nimeshaomba nafasi."

"Basi ng'ombe waongezwe sasa hivi!"

"Kwa cheti ambacho hajakipata?" mjomba akaruka. "Unatuuzia ndama aliye tumboni?"

Sauti zikapanda. Ndipo mchumba wangu alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Wazee wangu, samahani. Mshahara wake tayari unanizidi. Mkiendelea kuupima hivi, itaonekana mimi ndiye ninayeolewa."

Kicheko kilichofuata kilimtoa shangazi jikoni. Tata mwenyewe alifuta machozi kwa mkono wa koti. Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi: mahari ikabaki ileile waliyokuja nayo, ila mtamba mmoja aletwe siku nitakayofuzu ukunga.

Tuliolewa, maana ndivyo mume wangu alivyopenda kusema, "tuliolewa." Nafasi ya ukunga ilipopatikana, yeye ndiye aliyenibebea sanduku hadi kwenye basi. Tata alikuwa akiulizia matokeo ya mtihani wangu kila alipokutana na mtu kutoka mjini, akihangaika kuliko hata mimi niliyeufanya.

Nilifuzu. Mtamba akaletwa, mweusi, mwenye paji jeupe. Wiki nzima Tata alimpeleka malishoni kwa njia ndefu ipitayo sokoni, ili watu wamuulize amempata wapi.