Siku Niliyomnyooshea Ngumi Bibi wa Jamaika

Nawaambia haya nyinyi tu, tena kwa sababu Kato wa mizigo ameshawaambia nusu, na Kato akisimulia jambo langu huwa ananivua nguo kuliko nilivyojivua mwenyewe. Basi ndiyo, aibu ni yangu: mimi ndiye niliyeifanya hoteli nzima pale West Bay, Doha, watu wazima wenye tai na viatu vya kung'aa, ifokewe na bibi mmoja wa Jamaika aliyevaa kofia ya kanisani, nasi tumepangwa mstari kama watoto wa nasari.

Ilianzia kwenye kikao cha kabla ya zamu. Mudir, yaani meneja wetu, Mlebanoni mpole anayependa kila kitu kipangike, alitwambia kuna familia inakuja kutoka Jamaika, bibi na watoto wake na wajukuu, kwa ajili ya harusi ya mjukuu mmoja ambaye ni nesi hapa Doha, na je, kuna mtu anayejua wanavyoongea kwao, tuwakaribishe kinyumbani? Kisha akaongeza, kama mtu anayetupa mfupa, kwamba anatafuta wa kumhamishia dawati la wageni. Ndani. Kwenye kiti. Kwenye kiyoyozi. Sasa mimi ni soja wa mlangoni, na ulikuwa mwezi wa saba, na jua la Doha mwezi wa saba likikukuta na yai mfukoni, ukifika nyumbani unalimenya tu na kutia chumvi. Nikainua mkono.

"Wewe unaijua?" mudir akauliza.

"Kama lugha ya mama, sir."

(Mama yangu ni wa Nakuru na hajawahi kuvuka Naivasha.) Nilichokijua mimi ni reggae ya redioni siku za Jumapili na maneno mawili matatu ya vijana wa mtaani kwetu, lakini nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni juzijuzi, cheti changu cha Kiingereza nimekitundika juu ya kitanda kule Al Wakrah, wenzangu wote wananiita Prof, na mtu akishaitwa Prof, kusema "sijui" ni kama kuvua suruali sokoni.

Mudir akafurahi mno, akaamuru niwafundishe wote. Tukakusanyika kwenye kantini, nikasimama mbele kama mbunge, nikamwaga: "wah gwaan" ni habari yako, "irie" ni shwari, "nyam" ni kula, "pickney" ni mtoto, "likkle more" ni tutaonana baadaye. Maana zote ni sahihi kabisa, hapo naomba mniheshimu. Balaa ni kwamba maneno yaliisha kabla chai haijapoa na darasa bado linanitazama, kwa hiyo nikaongezea ya kwangu: kwamba Mjamaika yeyote husalimiwa kwa kugonganisha ngumi, kisha unaipeleka kifuani, na kila sentensi lazima imalizike na "man", awe mwanamke, awe mzee, awe askofu.

Wanjiru wa mapokezi, ambako husimama kutwa, akakunja uso. "Prof, hata shosho, bibi mzima, anasalimiwa hivyo?"

"Huko hakuna mambo ya shosho, Wanjiru. Wote ni mabeshte, marafiki tu."

"Nchi gani hiyo haina mashosho?"

"Muache bwana ssebo afundishe," Kato, Mganda wa kubeba mizigo, akamkata. "Wewe cheti chako kiko wapi?"

Asubuhi yao ikafika. Gari likasimama, bibi akashuka polepole, mgongo umenyooka kama rula (baadaye nilijua alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na nilipojua sikushangaa hata chembe). Mudir akatangulia, amejizoeza tangu alfajiri, akanyoosha ngumi na kusema kwa lafudhi ya Beirut, "Wah gwaan, man." Bibi akaitazama ile ngumi kama mtu anayeonyeshwa samaki aliyeoza. Kato akafuata, yeye katoa ngumi mbili kwa kuonyesha bidii. Mstari ukaendelea, wah gwaan man, wah gwaan man, hakuna wa kuusimamisha, na mimi nilipomnyooshea ngumi yangu nikaona bibi hatabasamu, nikadhani maneno hayajamtosha, nikanyakua sinia la tende na gahwa, ile kahawa ya Kiarabu, nikalisukuma mpaka kifuani kwake na kusema kwa sauti ya kuuza mitumba, "Nyam, man. Nyam."

Bibi akauliza, "Nani amewafundisha haya?"

Mstari mzima ukanigeukia bila kuambiwa.

"Kijana, una bibi?"

"Ninaye, Mama."

"Ukiamka unamsalimiaje?"

Hapo ndipo jasho liliponitoka ambalo halikuwa la jua. Nilimwona shosho wangu wa Nakuru na mwiko mkononi, nami namwambia "Niaje, msee," halafu namsukumia sahani, "Haya, bugia." Maana ndicho hasa nilichofanya. Maneno ni ya kwao kweli, lakini ni ya kijiweni, ya vijana kurushiana, nami niliyabeba mazimamazima nikamtwika mama wa watu. Akatueleza kwamba kwao ukiingia mahali, hata kama ni duka la mkate, unawaamkia kwanza waliomo, na asiyeamkia watu hahesabiwi kuwa amefika. Akagoma kuingia mpaka kila mmoja aseme habari za asubuhi. Mmoja mmoja. Mudir pia. Wajukuu nyuma ya gari wanarekodi kwa simu, wanacheka mpaka wanashikana.

Zamu ya Wanjiru ikafika. Akainama kidogo, akapokea mkoba kwa mikono miwili. "Habari za asubuhi, Mama. Pole na safari."

"Huyu amelelewa," bibi akamwambia mudir, na mudir akaitikia kwa kichwa. Niliiona nafasi yangu ikiondoka.

Lakini msinionee huruma sana, maana bibi aliagiza nimhudumie mimi wiki nzima, akisema, "nimnyooshe," na nimecheka wiki ile kuliko mwaka mzima. Nimejua "mawga" ni mtu aliyekonda (yaani mimi), "labrish" ni umbea (yaani Kato), na "facety" ni asiye na adabu kwa wakubwa.

"Nitajie mmoja," aliniambia tukiwa kwenye lifti.

"Mimi, Mama."

Alicheka mpaka kofia ikamwangukia.

Dawati alipewa Wanjiru, nami niko mlangoni na jua langu. Nimeapa kwamba mtu mzima yeyote, hata akishuka kutoka mwezini, nitamwamkia kwa adabu niliyotoka nayo kwetu, na lugha yake nitamwachia mwenyewe. Kile kiti nimekikalia mara moja tu, Wanjiru alipokwenda kula. Ni laini kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo linaloniuma.