Shangazi Alipokwenda Kwihara Kumpeleleza Mchumba Wangu

Barua ya posa ilipofika kwetu Ipuli, baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akamkabidhi shangazi. Kwetu ndivyo ilivyo. Kijana anaandika, wazee wanapokea, lakini jibu haliandikwi mpaka shangazi aende kwao kijana kuwauliza majirani. Wazazi wake hawaulizwi kitu, maana nani atamsema vibaya mwanawe? Jirani ndiye anayejua nani hugombana na nani.

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, jirani na kibanda changu cha cherehani, na mwaka mzima tulikuwa tukiagiziana chai. Nilimtaka, sina haja ya kuzungukazunguka. Kwa hiyo siku shangazi alipopanda bajaji kwenda Kwihara, akisingizia kutafuta viazi vikavu vya kununua, nilipachika mkono wa shati la mteja nje ndani.

Alirudi alasiri, hana hata kiazi kimoja.

"Tuwajibu hapana," alisema kabla hajavua viatu.

Jirani wa kwanza aliyemkuta, mzee mmoja aliyekuwa akimenya karanga barazani, alimweleza yote. Baba wa kijana mvivu, jembe lake limeota kutu. Mama hulala mpaka adhuhuri. Ukoo mzima walafi, akija mgeni wanaficha sufuria. Na kijana mwenyewe ndiye mbaya kuliko wote. Shangazi aliyasema haya kwa huzuni ya kweli, kwa sababu ananipenda, na baba akaanza kutafuta kalamu. Niliona ndoa yangu inakwenda hivi hivi.

"Huyo mzee alikuwa anacheka?" niliuliza.

"Hata kidogo. Alikaza uso kama yuko mahakamani."

"Hakusema kingine?"

Shangazi aliinama kuvua viatu. "Alisema enzi za misafara ya wapagazi babu yao alibadilishwa kwa kibaba cha chumvi, halafu akarudishwa kwa sababu anakula sana."

Baba aliacha kutafuta kalamu. "Mzee huyo kabila gani?"

"Mgogo, nadhani. Alihamia pale zamani."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi amezaliwa mjini, kwenye ukoo wetu wa Kimanyema, na hamu ya kunihangaikia ilimsahaulisha kwamba kina mchumba wangu ni Wanyamwezi, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Ukimuuliza Mgogo habari za Mnyamwezi umeyataka matusi mwenyewe, na mtani anayejiheshimu hakupunguzii hata moja.

Shangazi hakucheka. Kesho yake asubuhi alirudi kwa mzee yule yule, safari hii bila kisingizio, akamwambia ana binti anayeposwa na nyumba ile. Mzee akaweka karanga chini na kumletea kigoda.

"Hapo utani tunauweka pembeni, mama," alisema. "Ni watu wazuri. Kijana mchapakazi, hanywi, hana mkono mwepesi wa kupiga. Ila akiudhika hunyamaza. Anaweza kumaliza siku tatu hajasema neno. Binti ajue mapema."

Shangazi alikuja kunieleza chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Kununiwa siku tatu utakuweza?"

Katika posa yote ile, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa mimi badala ya wazee wangu. Machozi yalinitoka. Nikasema nitakuweza, tena haraka mno, hadi akanifinya shavu.

Huu ni mwaka wetu wa tisa. Onyo lile lilinifaa sana. Mara mbili alizonuna sikuhangaika, niliendelea kushona mpaka akarudi mwenyewe. Nawaonea huruma wanaochaguana kwa picha za simu, halafu tabia wanakuja kuzikuta sebuleni.

Lakini kosa moja lilifanyika. Upande wa mume wangu haukumtuma mtu Ipuli. Hakuna aliyemuuliza jirani yetu habari zangu, naye angesema bila kuombwa mara mbili, maana mtaa mzima unajua kwamba bingwa wa kununa ni mimi. Maskini mume wangu aligundua wiki ya pili ya ndoa, na hata kosa lake silikumbuki tena. Siku tatu nilimjibu kwa kichwa tu. Siku ya nne alikuja akakaa kwenye mkeka karibu yangu, nami nikamuuliza, kwa aibu, kama hajuti kwamba hakuonywa.

"Hata ningeonywa," alisema, "ningekuoa."