Milango ya Altare

Niliacha shule darasa la sita, lakini nionyeshe fundi mwingine, kutoka Nchiru mpaka Kiambere, anayeweza kuchonga kama ile kazi yangu iliyo nyuma ya altare ya kanisa letu. Padre alinipa picha tu kwenye simu. Kazi ya kale ya Ulaya: sanduku refu la mbao lenye vyumba vya watakatifu, kila chumba na kijipaa kilichotobolewatobolewa kama kitambaa cha kufuma, na milango miwili mbele. Siku za kawaida hufungwa, sikukuu hufunguliwa.

Padre alisema milango tuiache. Nikakataa. Kazi nusu mimi sifanyi. Nilishapiga hesabu kichwani: kila mlango nusu ya upana wa sanduku, na kitako kiwe kizito, la sivyo ikifunguliwa kitu chote kitaanguka mbele.

Nilitumia muringa, mbao ya mizinga ya nyuki. Chumba cha katikati kilikuwa cha Mama Maria, na uso sikuutafuta mbali. Mke wangu alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Kwenye picha zote amekaza uso, kamera hakuipenda. Kwenye muringa yuko karibu kucheka, kama alivyokuwa akinisikia nikijisifu. Hakuna aliyemtambua, nami sikusema.

Siku ya kubariki nilisimama nikawatangazia watu kwamba bawaba nimefua mwenyewe, hazitalia hata nikifa. Makofi. Ibada ikaisha, katekista akafunga milango, akatia ufunguo mfukoni. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Kwaresima ikaja, na milango haikufunguliwa hata Jumapili. Kuomba mtu kitu sijazoea. Jumanne moja nilikula irio baridi nikiwa nimesimama, kwenye sufuria, halafu nikachukua chupa ya mafuta nikaenda kwa katekista.

"Bawaba zinataka mafuta."

Akacheka. "Fundi! Si ulituapia mbele ya kanisa zima?"

"Nilijisifu bure. Hiyo kazi niliiharibu. Itataka mafuta kila wiki."

"Kila wiki? Na wewe ndiye fundi wa Meru nzima!"

"Nipe ufunguo, bwana."

Sikuwahi kuitukana kazi yangu kabla ya siku hiyo, na hakuna mwingine atakayenisikia nikifanya hivyo. Alinipa, akitikisa kichwa.

Nilivuta milango yote miwili. Haikutoa hata mlio. Nikaketi benchi la mbele, chupa ya mafuta kando yangu, kifuniko bado kimefungwa.